Shamba lililosemekana limerogwa: kisa cha kiduha kwenye mtama mkoani Dodoma

Kisa hiki kimenichukua misimu minne. Jina la kijiji na majina ya wahusika nimeyaacha, na alama za kuwatambulisha nimeziondoa. Mwenye shamba ameridhia kisimuliwe. Nitamwita Mama, kama ninavyomwita nikifika kwake. Mimi ni afisa ugani, au kama wanakijiji wanavyoniita, Bibi Shamba. Nawaandikia wenzangu wa ugani na wakulima wa mtama, uwele na mahindi ambao wamewahi kuona mazao yakinyauka mchana huku udongo una unyevu, wasijue wamlaumu nani.

Shamba na wenyewe

Shamba lina ekari tatu kwenye mteremko mpole unaoishia korongoni. Juu ni kichanga chekundu, na chini ni mchanga mweupe ulioletwa na maji. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukatika katikati kwa wiki mbili tatu, mara nyingi Februari, na Aprili inaaga. Kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600, na haziji kwa mpangilio. Ndiyo maana watu wa hapa hawaachani na mtama na uwele hata wakishawishiwa kwa mahindi.

Mama ni mjane wa miaka sitini na kitu. Anaishi na mjukuu wake wa kiume, na kijana wake anaendesha bodaboda mjini, huja wakati wa kulima na wa kuvuna. Tangu alipoolewa, ekari zile tatu zimepandwa mtama kila mwaka, na kunde kidogo pembezoni. Mwaka wa neema zilimpa magunia 12. Miaka mitatu kabla sijaitwa yalikuwa 7, mwaka uliofuata 5, kisha 3.

Mpakani yupo shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Shamba la shemeji lilikuwa linastawi. Walishawahi kugombania mpaka mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na ingawa shauri lilikwisha, salamu kati ya nyumba hizo mbili zilipungua. Mtama wa Mama ulipoanza kudumaa huku mazao ya shemeji, hatua chache tu kutoka hapo, yamesimama wima, maneno yakaanza kupita kisimani. Shamba limefanyiwa kitu. Mazao yake yanahamishwa usiku. Ni jambo zito kumsema hivyo ndugu wa marehemu mumeo, na Mama hakulitamka kwangu hata mara moja. Nililisikia kwa wengine.

Januari ya kwanza: nilichokosea

Kijana wake alinipigia simu mwishoni mwa Januari. Mtama ulikuwa umefika magotini. Majani yalikuwa na michirizi ya njano, na saa sita mchana mimea ilikuwa imejikunja kana kwamba haijaona maji mwezi mzima. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha.

Nilipita ukingoni, nikachuma jani, nikatazama rangi. Ardhi imelimwa zao moja kwa miaka mingi, samadi haijawekwa, ni kichanga. Nikasema ni upungufu wa naitrojeni, nikashauri mbolea ya kukuzia. Nilikuwa na wakulima wengine wanne wa kuwatembelea siku hiyo. Sikuchimba hata shina moja.

Kijana alinunua mfuko wa yurea kwa pesa ya bodaboda. Wakaweka. Majani yakapata kijani kidogo, lakini mimea haikuinuka.

Ndoo ya maji

Mwanzoni mwa Machi Mama alinitumia ujumbe kupitia mwalimu wa kijijini. Alitaka nikaangalie maua. Mjukuu alikuwa ameyachuma shambani akaja nayo nyumbani, mekundu, madogo, mazuri sana kuyatazama. Mama alikuwa ameyaona miaka iliyopita pia, ila aliyahesabu kuwa majani tu ya shambani, kama mengine.

Nilipofika nikayaona yamezunguka mashina ya mtama, mengine moja moja, mengine kama zulia. Mmea wenyewe ni mwembamba, haufiki goti, majani yake ni membamba na ukiyapapasa yanakwaruza. Ua lina wekundu mkali kwa juu, na ukiligeuza utaona unjano upande wa chini. Kila tulipolikuta lilikuwa karibu na mtama. Kwenye njia, na chini ya mwembe uliopo katikati ya shamba, halikuwepo.

Hiyo ilikuwa dalili tosha kwamba ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, lakini nilitaka Mama aone kwa macho yake. Niliomba jembe na ndoo. Tulichagua shina lililodumaa, tukachimba duara pana kuzunguka, tukalinyanyua na bonge lake la udongo, tukalizamisha kwenye maji bila kulitikisa. Ukilitikisa unakata kiungo, na ushahidi unabaki kwenye udongo. Tulikaa kivulini kama robo saa, udongo ukayeyuka wenyewe. Nilipoliinua, mizizi ya mtama ilikuwa imeshikwa na vishina vyeupe vyenye magamba madogo, vingi kuliko vile vilivyokuwa vimetokeza juu. Pale kila kimoja kilipogusa mzizi pamevimba kifundo.

Mama alivishika kimoja kimoja. Akasema, "Kumbe kananyonya, mwanangu."

Kisha alifanya jambo ambalo mimi nisingethubutu kumshauri. Alimtuma mjukuu akamwite shemeji yake. Yule mzee alikuja, akasimama kwenye mpaka, hakuvuka. Mama akamwambia, "Karibu shemeji. Njoo umwone aliyekuwa ananila." Akavuka. Aliitazama ile ndoo kwa muda mrefu, akaniuliza kama na kwake kipo.

Kwa nini shamba la shemeji lilistawi

Jibu la swali hilo ndilo lililofungua kisa kizima. Nilimuuliza mzee amepanda nini miaka ya nyuma. Alikuwa amelima alizeti miaka mitatu mfululizo kwa sababu ya bei ya mafuta, kisha karanga, na mwaka ule ndio alirudi kwenye mtama. Yaani kile kile kilichotumika kumshuku ndicho kilichokuwa dawa.

Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi, urefu wake ni kama theluthi moja ya milimita, na mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu. Ikianguka chini inaweza kukaa hai zaidi ya miaka 10. Haioti kwa mvua peke yake. Inataka unyevu na joto kwa siku kadhaa, halafu inasubiri ishara kutoka kwenye mzizi ulio jirani sana, maana chakula ilichobeba hakiwezi kuifikisha mbali. Ikipata ishara inachipua, inajishika, inaanza kunyonya maji na chakula. Huishi hivyo gizani kwa wiki kadhaa kabla ya kutokeza. Madhara makubwa kwa mtama hufanyika katika wiki hizo. Nilipopita ukingoni Januari, kiduha kilikuwepo chini ya viatu vyangu.

Ishara yenyewe ni kemikali inayotoka kwenye mizizi. Ya kwanza kutambuliwa ilipatikana mwaka 1966, na ilitoka kwenye mizizi ya pamba, zao ambalo kiduha hakiwezi kulinyonya. Ni jambo la kushangaza: pamba inakiita kiduha, kiduha kinaamka, hakipati pa kushika, kinakufa. Alizeti, karanga, kunde na njugu mawe nayo yamo kwenye kundi hilo la mazao ya mtego. Kila msimu wa alizeti shambani kwa shemeji, sehemu ya mbegu zilizolala iliamka bure ikafa.

Na kwa nini mtama ujiitie adui? Mwaka 2005 ilifahamika kwamba kemikali hizo huwaita pia fangasi wa udongoni wanaousaidia mmea kupata fosforasi. Mtama ukikosa fosforasi au naitrojeni huzitoa kwa wingi zaidi. Ni kilio cha njaa, na kiduha kimejifunza kukisikiliza. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la Januari lilikuwa la namna gani. Udongo ulikuwa na njaa kweli, na njaa hiyo ndiyo iliyozidisha kiduha, lakini nilileta chakula wakati mnyonyaji ameshakaa mezani. Mbolea ingewekwa mapema ingepunguza mwito. Ilipowekwa mwishoni mwa Januari, sehemu yake ilipitia kwenye mtama ikaishia kwa kiduha.

Waingereza nao gugu hili waliliita gugu la mchawi, kwa sababu zao linanyauka kabla adui hajaonekana. Basi watu wa kisimani hawakuwa peke yao katika kufikiri hivyo.

Maamuzi ya Machi

Mtama ulikuwa unabeba mimba. Kuokoa mavuno ya mwaka ule ilikuwa imeshindikana, na nililisema waziwazi mbele ya kijana, maana yeye alikuwa bado anatafuta dawa ya kupuliza. Swali lilikuwa mbegu ngapi zitaanguka kabla ya Juni.

Dawa ya kupuliza tuliijadili kwa muda mrefu. Ipo ya 2,4-D, inaua majani mapana na kuuacha mtama. Niliikataa kwa sababu mbili. Pembezoni mwa mtama kulikuwa na kunde, nazo zingekufa. Na upande wa pili wa njia jirani mmoja ana mizabibu. Mzabibu huumizwa na dawa hii hata kwa mvuke na matone madogo yanayopeperushwa na upepo, na upepo wa Dodoma mchana hauna adabu. Kuponya shamba moja kwa kuunguza zabibu za mtu mwingine nisingeweza kukuandika kama ushauri.

Tukabaki na mikono. Ekari tatu kwa mjane na mtoto wa shule ni nyingi, hivyo niliwaomba waanzie pale kilipo kichache. Kijana alishangaa, kwa sababu kila mtu huenda kwanza palipochafuka. Lakini ekari ya juu ilikuwa na viduha vya kuhesabika, na ukiving'oa vyote kabla ya kutoa mbegu umeilinda ekari nzima. Ekari ya chini ilikuwa zulia, ungeng'oa wiki nzima na bado udongo umejaa mbegu za miaka iliyopita. Walipitia ya juu kila baada ya wiki mbili, ya kati mara mbili, na ya chini waliondoa vile tu vilivyokuwa na maua. Vilivyokwisha funga vifuko vya mbegu waliviweka kwenye mfuko wa salfeti na kuvichoma nyumbani. Nilisisitiza visitupwe njiani wala kupewa mbuzi.

Nilipigilia vigingi vinne kwenye ekari ya chini, mraba wa hatua 10 kwa 10, nikahesabu. Vilikuwa 163.

Mavuno: magunia mawili na debe tatu.

Msimu wa pili: mpango wangu na mpango wa Mama

Mimi nilipendekeza alizeti ekari ya chini. Mama alikataa, tena kwa hoja. Alizeti huuzwa, na mwenye kupanga bei ni mnunuzi. Njugu mawe na kunde huliwa. Baada ya mavuno yale, nyumba yake ilihitaji sufuria kabla ya pesa. Njugu mawe na kunde nazo ni mtego, kwa hiyo nilikubali bila kujilazimisha.

Ekari ya kati tulipanda aina ya mtama iitwayo Hakika. Hii na mwenzake Wahi ziliidhinishwa nchini mwaka 2002, zikitokana na kazi ya Gebisa Ejeta, mwanasayansi wa Ethiopia aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009 kwa utafiti wa mtama, ukiwemo huu wa kiduha. Mizizi ya aina hizi hutoa ishara kidogo, basi mbegu nyingi za kiduha hubaki zimelala. Tuliweka samadi ya zizini iliyokaa na kuoza kabisa. Samadi mbichi ya mifugo iliyolishwa kwenye mabua yenye kiduha inaweza kurudisha mbegu zile zile shambani.

Ekari ya juu alipanda mtama wake wa asili, ule mrefu, ambao ugali wake ndio anaoupenda. Sikumbishia. Mkulima akinyang'anywa vyote kwa msimu mmoja, msimu unaofuata hakuiti.

Mambo matatu yalikwenda kombo.

La kwanza, Machi, lilinitia hofu. Kwenye kunde za ekari ya chini yalitokeza maua ya njano, na kunde zikaanza kupauka. Mama alinitazama bila kusema. Nilichimba, nikatumia ndoo ile ile. Vishina vya chini vilikuwa na rangi ya chungwa, si vyeupe, na vimeshika mzizi wa kunde. Ni ndugu wa kiduha, wataalamu humwita Alectra vogelii, na yeye hula mikunde, mtama haugusi. Alikuwepo Dodoma siku zote. Huenda alikuwepo kwenye zile kunde za pembezoni mwa shamba la Mama miaka yote, bila mtu kumjua. Nilipaswa kuuliza na kuchimba pembezoni kabla ya kukubali kunde zijaze ekari nzima. Njugu mawe ziliathirika kidogo tu, na nyumba ilikula.

La pili ni ndege. Hakika hukomaa mapema. Ilipotoa masuke kabla ya mtama wa kijiji kizima, kwelea kwelea waliipata peke yake. Mjukuu alikuwa shuleni asubuhi, na asubuhi ndiyo saa ya ndege. Waliondoka na kama robo ya mavuno.

La tatu lilikuwa zito kuliko yote, nalo halikuonekana hadi mwaka uliofuata. Mei kulitokea msiba upande wa wazazi wa Mama, akasafiri wiki tano. Mtama wa juu ulikuwa umekwisha vunwa, mabua yamesimama. Bua la mtama wa asili halifi mara moja baada ya suke kukatwa. Mzizi unaendelea kuwa hai, na kiduha kinaendelea kunyonya, kutoa maua, kumwaga mbegu. Ekari ile iliyong'olewa kwa uangalifu wote ule tangu Februari ilimwagiwa mbegu Mei na Juni, hakuna aliyekuwepo. Sikuwa nimemwambia kijana kwamba kazi haiishi siku ya kuvuna. Nilidhani anajua.

Msimu wa tatu: ekari safi isiyo safi

Ekari ya chini ilikuwa haijatoa kiduha hata kimoja msimu mzima wa njugu. Kijana alifurahi, akataka kurudisha mtama. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Pasipo na wa kunyonywa, kiduha hakitokezi, kwa hiyo usafi ule haukuonyesha mbegu ngapi zimebaki chini. Tukaelewana kupanda alizeti, na kupitisha mistari mitano ya mtama wa asili katikati ya mraba wangu wa vigingi kama kipimo. Machi mistari ile mitano ilikuwa na viduha 48. Kijana alivihesabu mwenyewe, akaving'oa mwenyewe, na sikuhitaji kumwambia neno.

Wakati ule ule tuliona kitu kwenye ekari ya juu. Viduha havikutokea ovyo. Vilijipanga kwa mstari kutoka chini kwenda juu, kufuata mwendo wa plau. Kila mwaka ng'ombe wa kukodi waliingilia njia ya korongoni, wakaanza kulima chini, wakamalizia juu, na udongo ulionata kwenye plau na kwato ukapanda nao. Tulikuwa tumezungumza samadi, mbegu, dawa, na hakuna aliyefikiria ng'ombe wanaingilia wapi. Kuanzia hapo plau huanza juu na kumalizia chini, na hukwanguliwa kabla ya kutoka. Mwenye ng'ombe alinung'unika kwa sababu ya mzunguko, kijana akamwongezea hela kidogo.

Msimu wa nne na hali ilivyo

Ekari ya chini ilipandwa Hakika kwa samadi, ya kati alizeti, ya juu mtama wa asili. Mabua yote yaling'olewa na mizizi ndani ya wiki moja baada ya kuvuna. Ndege walizuiwa kwa kupanda Hakika ikichelewa kidogo, ikomae pamoja na mtama wa majirani, na kwa zamu ya kulinda kati ya nyumba mbili: ya Mama na ya shemeji.

Kwenye mraba wa vigingi nilihesabu 21. Sitaki mtu aichukue namba hiyo kama ilivyo. Mwaka wa kwanza palikuwa na mtama wa asili, safari hii palikuwa na Hakika ambayo hukiita kiduha kidogo, hivyo sehemu ya upungufu ni ya mbegu zilizopungua na sehemu ni ya aina ya mtama. Magunia yalikuwa 9 kutoka ekari mbili, juu ya alizeti iliyouzwa. Mvua ya mwaka huo nayo ilikuwa ya wastani mzuri.

Kiduha bado kipo. Kwenye ekari ya juu, pale palipomwagiwa mbegu wakati wa msiba, kinang'olewa kila mwaka na kitaendelea kung'olewa.

Uchambuzi

Ndoo ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki. Haikugharimu shilingi. Ingetumika Januari ya kwanza, mfuko wa yurea usingenunuliwa kwa wakati usiofaa, na kijana angetumia fedha hiyo kwa mbegu ya msimu uliofuata. Siku hizi siondoki shambani penye mtama uliodumaa bila kuchimba mashina matatu: moja lililo baya, moja la kati, moja linaloonekana zima. La tatu mara nyingi ndilo hunipa habari, kwa sababu huonyesha kiduha kilichoanza kujishika kabla jani halijabadilika.

Uamuzi wa kuanza kung'oa palipo na kichache ulikuwa sahihi, na ulibatilishwa na wiki tano za baada ya mavuno. Nimeutafakari sana huo msiba. Mpango wowote wa kiduha unaotegemea mtu mmoja kuwepo shambani kutoka Februari hadi Juni utavunjika, kwa sababu watu huugua, huzika, husafiri. Kung'oa mabua mara tu baada ya kuvuna ni kazi ya siku mbili au tatu, na inafunga mlango ambao kung'oa kiduha kimoja kimoja hakuufungi. Ningeianza mwaka wa kwanza. Gharama yake ni kwamba mabua ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi na ni uzio wa nyumba, hivyo yalibidi yakatwe, yapelekwe nyumbani, mizizi ndiyo ichomwe. Asiyelipanga hilo na wenye mifugo kabla ya mavuno atakuta ng'ombe wameshaingia.

Kukubali njugu na kunde badala ya alizeti kulileta gugu la pili, lakini bado naona nilifanya vizuri kukubali. Kosa lilikuwa kutokuchunguza mikunde iliyopo. Mtego wa gugu moja unaweza kuwa karamu ya jingine, na kwa Dodoma ambako kunde zipo karibu kila shamba, kuchimba shina la kunde ni lazima kama kuchimba la mtama.

Nimeulizwa na wenzangu kwa nini sikutumia mfumo wa kupanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya mikunde, kati ya mistari, ule uliotokana na utafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, nchini Kenya tangu miaka ya 1990. Ni mfumo mzuri, mizizi yake hukandamiza kiduha vizuri kuliko mtego wa kawaida. Lakini desmodiamu ni ya kudumu, inatakiwa ivuke kiangazi, na kiangazi cha hapa kina miezi saba na mifugo inayozurura kwenye mashamba yaliyovunwa. Bila uzio isingefika Desemba. Mwenye uzio na ng'ombe wa kuwakatia majani nyumbani ningemwambia ajaribu.

Kuhusu muda, kuna wakuu wanaotaka kuona shamba limepona kwa msimu mmoja wa mradi. Kiduha hiki hiki chenye maua mekundu kiligunduliwa Marekani mwaka 1956, kwenye mahindi ya majimbo ya Carolina Kaskazini na Carolina Kusini. Serikali iliweka karantini, ikaingiza gesi ya ethilini ardhini ili kuziamsha mbegu zife bila mwenyeji, na kazi hiyo ilichukua miongo kadhaa. Mama ana jembe, mfuko wa salfeti na mjukuu. Kutoka 163 hadi 21 kwa misimu minne, hata ukipunguza sifa ya Hakika, ni kazi ya mtu aliyejituma.

Kinachonisumbua hadi leo ni muda ambao maneno ya kisimani yalitembea bila jibu. Miaka mitatu kabla yangu, na mwezi mzima baada ya mimi kufika na kusema naitrojeni, mzee yule alibeba lawama ya gugu. Maelezo yangu ya Januari hayakumsaidia kwa lolote, kwa sababu yalisema udongo umechoka, na udongo wa pande zote mbili za mpaka ni ule ule. Watu waliona hivyo kabla yangu. Waliuliza swali zuri, kwa nini hapa na si pale, nami niliondoka bila kulijibu.

Mwezi uliopita shemeji aliniita. Mistari yake miwili ya mpakani ina maua mekundu. Mama alikuwa ameshafika kabla yangu, na ndoo imejaa maji.